Kutoka jikoni Manassas hadi sebuleni Appomattox: wiki moja kwenye njia ya vita

Jumamosi. Manassas, Virginia

Saa kumi na moja alfajiri Baba Mkubwa alikuwa ameshavaa viatu, amekaa kwenye kochi na daftari lake mapajani. Amekuja kututembelea kwa wiki tatu, na tangu ashuke uwanja wa ndege ananiuliza jambo moja tu: lini tutakwenda kuviona viwanja vya vita. Alikuwa mpiga mizinga katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kisha akafundisha historia sekondari huko Tanga mpaka alipostaafu. Mimi ni muuguzi, naishi Maryland mwaka wa kumi na moja huu, na miaka yote hiyo nimekipita kibao cha barabarani kilichoandikwa Manassas bila kukata kona. Safari hii nimeomba likizo. Tumefunga vitumbua, chupa mbili za chai ya tangawizi, tukaondoka kungali giza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 12 Aprili 1861, Fort Sumter ilipopigwa mizinga huko South Carolina. Lakini hapa Manassas ndipo pande zote mbili zilipojua kwamba havitakwisha kwa mwezi mmoja. Ilikuwa Jumapili, 21 Julai 1861. Wabunge na watu wenye nafasi zao walitoka Washington na vikapu vya chakula kwenda kutazama, kama mtu anavyokwenda uwanjani kutazama mpira. Jioni walikuwa wanakimbia pamoja na askari, magari ya farasi yamekwamana barabarani. Mbunge mmoja wa New York, Alfred Ely, alitekwa akakaa kifungoni Richmond kwa miezi.

Utakuta vita hivi vina majina mawili. Watu wa Kaskazini, ndio Muungano, waliobaki na serikali ya Washington, walivipa jina la kijito, Bull Run. Wa Kusini, walioasi, walivipa jina la mji, Manassas. Ndivyo ilivyo kwa vita vingi vya zama zile, na mtu akitaja jina moja unaweza kukisia babu yake alikuwa upande gani.

Kwenye Henry Hill, kilima kile ambako Jenerali Thomas Jackson wa Kusini alipata jina la "Stonewall", ukuta wa mawe, mizinga imepangwa pale pale ilipokuwa. Baba Mkubwa alisimama nyuma ya mzinga wa Muungano, akaitazama ile ya Kusini iliyo mbele yake, akaanza kutembea huku anahesabu hatua kwa sauti. Alipofika upande wa pili akarudi akihema. "Mwanangu, hawa wamekaribiana mno. Mita mia tatu! Sisi tulikuwa tunapiga watu tusiowaona kabisa. Hawa walikuwa wanaonana nyuso."

Katikati ya mizinga hiyo kuna nyumba ndogo ya mbao. Iliyopo sasa ilijengwa baada ya vita, lakini ya kwanza ilikuwa ya Judith Henry, bibi wa miaka 85, mjane wa daktari wa jeshi la wanamaji. Alikuwa haamki kitandani. Wanawe walijaribu kumtoa wakiwa wamembeba na godoro lake, naye akaomba arudishwe chumbani kwake. Wadunguzi wa Kusini walipoanza kuitumia nyumba hiyo, mizinga ya Muungano iliielekea. Bibi Henry aliuawa kitandani pake. Amezikwa uani, hatua chache kutoka mlangoni, na kaburi lake limezungushiwa uzio.

Nilikaa pale kuliko nilivyotarajia. Kazini kwangu wazee wa umri ule ndio ninaowageuza kitandani kila baada ya saa mbili.

Kabla hatujaondoka Baba Mkubwa alinipa fumbo la kwanza la safari. Siku tatu kabla ya vita hivyo, 18 Julai, kombora liliingia kwenye meko la nyumba ya mfanyabiashara mmoja, Wilmer McLean, likaharibu chakula cha mchana cha Jenerali Beauregard wa Kusini aliyekuwa ameifanya nyumba hiyo makao yake. McLean akaona hapakaliki. Akaihamishia familia yake kusini, karibu kilomita 190, kwenye kijiji ambacho hakuna jeshi lolote lingekuwa na sababu ya kukifika. "Kijiji gani?" akaniuliza. Nilikuwa najua jibu, maana kila mpenzi wa historia hii analijua, lakini nilimwachia raha ya kunieleza mwenyewe tutakapofika.

Jumapili. Harpers Ferry na Antietam

Harpers Ferry ni mahali ambapo mito miwili, Potomac na Shenandoah, inakutana chini ya majabali. Ukisimama pembeni ya maji unaona majimbo matatu kwa mpigo: West Virginia uliposimama, Maryland ng'ambo ya mto mmoja, Virginia ng'ambo ya mwingine. Oktoba 1859 John Brown aliingia hapa usiku na wenzake wachache, weusi na weupe, kuteka ghala la silaha la serikali ili awape watumwa. Mtu wa kwanza kuuawa na kundi lake alikuwa Heyward Shepherd, mpagazi wa stesheni, mtu mweusi aliyekuwa huru. Baba Mkubwa alilisoma jina hilo kwenye jiwe, akatikisa kichwa.

Kikosi cha wanamaji kilichomkamata Brown kiliongozwa na Kanali Robert E. Lee, atakayekuja kuwa jenerali wa Kusini, wakati huo bado afisa wa Marekani. Brown aliponyongwa tarehe 2 Desemba mwaka ule, kati ya waliosimama kulinda alikuwemo Jackson yule wa Manassas, na alikuwemo pia mwigizaji kijana aliyeitwa John Wilkes Booth, ndiye atakayempiga risasi Rais Lincoln 1865. Historia ya nchi hii ina tabia ya kukusanya watu wake mahali pamoja kabla hawajajua watakuja kutendeana nini.

Kibanda cha matofali alimojificha Brown kilivunjwa kikapelekwa Chicago kwenye maonyesho ya 1893, kikarudishwa, kikahamishwa tena na tena. Leo kimesimama hatua chache tu kutoka kilipokuwa, maana pa asili pamefunikwa na tuta la reli.

Mchana tukavuka kwenda Sharpsburg, Maryland, kwenye uwanja wa vita vya Antietam. Hapa, 17 Septemba 1862, watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au kupotea kwa siku moja. Hakuna siku nyingine iliyomwaga damu kiasi hicho katika vita vyote vya Marekani. Mahindi yalikuwa yamesimama juu ya kichwa changu, yanakaribia kuvunwa, na mwezi ule wa 1862 yalikuwa hivyo hivyo. Askari waliingia shambani asubuhi, na mchana hapakuwa na bua lililosimama.

Vita hivi vilikuja kwa sababu ya sigara. Siku nne kabla, koplo mmoja wa kikosi cha Indiana alikuta bahasha kwenye majani karibu na mji wa Frederick. Ndani mlikuwa na sigara tatu nene, zimeviringishwa kwenye karatasi. Karatasi ile ilikuwa amri namba 191 ya Jenerali Lee, inayoeleza jinsi alivyoligawa jeshi lake na kila kipande kinaelekea wapi. Jenerali McClellan wa Muungano akawa na mpango mzima wa adui mkononi, na bado akasita. Baba Mkubwa hakuweza kulisamehe hilo. Mpaka tunarudi kwenye gari alikuwa analisema: "Ungepewa ramani ya adui, mama, ungelala?"

Kuna mnara hapa wa mtu aliyegawa kahawa. William McKinley, sajenti wa miaka 19 katika kikosi cha 23 cha Ohio, aliendesha mkokoteni wa chakula cha moto na kahawa hadi mstari wa mbele, risasi zikipita. Alikuja kuwa Rais, wa mwisho kati ya marais waliopigana vita hivyo. Na afisa wake wa kikosi hicho hicho, Rutherford Hayes, aliyejeruhiwa mkono siku tatu kabla huko South Mountain, naye alikuja kuwa Rais. Kikosi kimoja, marais wawili.

Mimi nilikuja kwa ajili ya Clara Barton. Hakuwa na cheo, alikuwa karani wa ofisi ya hataza Washington, akaja na mkokoteni wa bandeji wakati madaktari wanafunga vidonda kwa majani ya mahindi. Alipokuwa anamnywesha maji majeruhi mmoja, risasi ilipita kwenye mkono wa gauni lake ikamwua yule mgonjwa. Hakulishona lile tundu maisha yake yote.

Jambo la kisiasa linalonikaa moyoni ni hili. Lincoln alikuwa ameandika tangazo la kuwaacha huru watumwa, na waziri wake Seward akamshauri angoje ushindi kwanza, lisije likaonekana kilio cha anayeshindwa. Antietam ikahesabiwa kuwa ushindi, na siku tano baadaye tangazo likatoka, lianze kazi 1 Januari 1863. Lakini lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Maryland haikuasi. Kwa hiyo mtumwa wa shamba la jirani na uwanja huu, aliyesikia mizinga iliyoleta tangazo hilo, alibaki mtumwa mpaka 1 Novemba 1864, katiba mpya ya jimbo ilipoanza kufanya kazi. Nimeishi Maryland miaka kumi na moja na nilikuwa silijui.

Jumatatu. Gettysburg, Pennsylvania

Mji wa watu 2,400. Kwa siku tatu, 1 hadi 3 Julai 1863, majeshi mawili yaliuangukia, na yalipoondoka yalikuwa yamepoteza watu kama 51,000, wafu, majeruhi na waliotekwa wakihesabiwa pamoja. Leo uwanja una minara na masanamu zaidi ya 1,300. Ukitaka kusoma kila kibao utahitaji mwezi.

Baba Mkubwa alikuwa na orodha yake, na tuliifuata kwa utaratibu wa darasani. Mahali alipojeruhiwa Jenerali Dan Sickles: mbunge wa zamani wa New York, aliyemwua mpenzi wa mkewe 1859 karibu na Ikulu, akaachiwa kwa utetezi wa wazimu wa muda, utetezi ambao haukuwa umewahi kufaulu katika mahakama za Marekani. Hapa Gettysburg mzinga ulimvunja mguu. Aliupeleka mfupa wake kwenye jumba la makumbusho la tiba la jeshi, na kwa miaka mingi alikuwa anakwenda kuutembelea. Kisha mahali alipopigana John Burns, mzee wa karibu miaka 70 aliyepigana vita vya 1812, aliyechukua bunduki yake akaenda kusimama na askari wa umri wa wajukuu zake.

Pale ambapo shambulio la Jenerali Pickett wa Kusini lilifikia kikomo, siku ya tatu, kuna kibanda cheupe na ghala. Vilikuwa vya Abraham Bryan, mkulima mweusi aliyekuwa huru. Alikimbia na familia yake kabla ya jeshi la Lee kufika, na alikuwa na sababu: jeshi lile lilipoingia Pennsylvania liliwakamata watu weusi, hata waliozaliwa huru, likawapeleka kusini utumwani. Baada ya vita alirudi akakuta ua umevunjwa na mazao yamekanyagwa. Alidai fidia ya zaidi ya dola 1,000 na kupata kidogo tu.

Kisha tukaenda kwa Jennie Wade.

Nyumba ni ya matofali mekundu, ya kupanga, familia mbili ukuta mmoja katikati. Dada yake alikuwa ametoka kujifungua. Jennie, miaka 20, alikwenda kumsaidia, na siku tatu za vita akawa anaoka mikate na kuwapa maji askari wa Muungano waliokuwa wanapita. Asubuhi ya 3 Julai, kama saa mbili na nusu, alikuwa amesimama jikoni anakanda unga. Risasi moja ilipenya mlango wa nje, ikapenya na mlango wa ndani, ikamwingia mgongoni. Ni raia pekee aliyeuawa moja kwa moja katika vita vile. Mama yake alimaliza kuoka mikate ule unga, akawapa askari.

Milango ile ipo. Tundu la kwanza ni dogo, la pili lina kingo zilizochanika kidogo upande wa ndani, mbao zimekwanyuka. Niliinama nikachungulia. Ukiwa kwenye usawa wa tundu la kwanza unaliona la pili, na ukiliona la pili unajua kabisa alisimama wapi. Hakuna sanamu lililonipa kile kilichonipata hapo.

Mchumba wake, Jack Skelly, alikuwa amejeruhiwa Winchester katikati ya Juni. Akiwa amelala majeruhi alikutana na rafiki yao wa utotoni, Wesley Culp, mzaliwa wa Gettysburg aliyejiunga na Kusini, akampa ujumbe apeleke nyumbani. Culp aliuawa hapa hapa, kwenye kilima cha Culp chenye jina la ukoo wake. Ujumbe haukufika. Skelly alikufa 12 Julai bila kujua kwamba Jennie ametangulia.

Baba Mkubwa hakusema kitu mpaka tulipokaa kwenye gari. Kisha akaandika jina la Jennie Wade kwenye daftari, chini ya majenerali.

Jumanne. Bado Gettysburg

Mvua kutwa. Asubuhi tulifika makaburini, alipohutubia Lincoln 19 Novemba 1863. Mzungumzaji mkuu wa siku ile, Edward Everett, alisema kwa saa mbili. Lincoln alitumia maneno kama 270. Baba Mkubwa aliwahi kuwafundisha watoto hotuba ile kwa Kiswahili, na aliisema yote chini ya mwavuli, hakukosea pahali. Mchana tukalala.

Jumatano. Chancellorsville, Virginia

Usiku wa 2 Mei 1863 Jackson alikuwa anarudi kutoka kukagua mbele, gizani, msituni. Askari wake mwenyewe, wa kikosi cha 18 cha North Carolina, wakadhani ni farasi wa adui wakafyatua. Mkono wa kushoto ukavunjika vibaya. Daktari Hunter McGuire alimlaza kwa klorofomu, akaukata baada ya saa nane usiku. Mchungaji wa jeshi akauokota akauzika kwenye makaburi ya familia, shamba la Ellwood, alikokuwa akiishi nduguye.

Tulilifikia kaburi la mkono huo kwa njia ya miguu katikati ya shamba. Ni jiwe moja dogo lililochongwa "Mkono wa Stonewall Jackson, 3 Mei 1863". Mwili wenyewe upo Lexington, mbali huko. Baba Mkubwa alikaa kimya, akasema tu kwamba kwa sisi Waislamu kiungo kuzikwa kivyake si jambo la ajabu, kinachostahili heshima ni mtu, na mkono ni wa mtu.

Mwenyewe alikufa siku nane baadaye, 10 Mei, mahali panapoitwa Guinea Station. Kinachonishangaza kama muuguzi ni kwamba upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda kilikuwa kinapona. Kilichomwua, kwa maelezo ya daktari wake, ni homa ya mapafu. Lee alituma salamu kwamba Jackson amepoteza mkono wa kushoto, lakini yeye Lee amepoteza wa kulia.

Alhamisi. Petersburg

Siku hii niliiogopa.

Petersburg ilizingirwa miezi tisa na nusu, Juni 1864 hadi Aprili 1865. Katika kikosi cha 48 cha Pennsylvania kulikuwa na wachimba makaa ya mawe, na kamanda wao Henry Pleasants alikuwa mhandisi wa migodi. Wakachimba shimo la kupenyea lenye urefu wa mita 155 hivi, mpaka chini ya ngome ya adui, wakajaza mapipa 320 ya baruti. Utambi ukawashwa usiku wa 30 Julai. Kimya. Sajenti Harry Reese na Luteni Jacob Douty wakatambaa ndani, gizani, kutafuta ulipozimikia, wakauunga na kuuwasha tena. Saa kumi na dakika 44 alfajiri ardhi ikaruka.

Bonde lililobaki bado lipo, limeota majani, limepungua kina. Baba Mkubwa, ambaye hakuacha kusema siku nne nzima, hapa alivua kofia.

Vikosi vya askari weusi ndivyo vilivyofunzwa kuongoza shambulio, kupita pembeni mwa shimo. Siku moja kabla, amri ikabadilishwa: ikishindikana, watasema weusi wametolewa kafara. Jenerali Burnside wa Muungano akawapigisha kura makamanda watatu wa vikosi vya weupe, na kura ikamwangukia aliye dhaifu kuliko wote, James Ledlie, ambaye vita vilipoanza alikuwa nyuma kwenye handaki la daktari akinywa pombe. Askari wake wakaingia ndani ya shimo badala ya kulizunguka, wakashindwa kutoka. Kisha wale weusi wakatumwa wakati tayari ni machinjo. Wengi wao waliuawa wakiwa wameshasalimu amri. Watu weusi karibu 180,000 walivaa sare ya Muungano kufikia mwisho wa vita. Wakikamatwa hawakuwa na uhakika wa kuhesabiwa kuwa mateka.

"Askari akishanyoosha mikono," Baba Mkubwa alisema akitazama chini kwenye majani, "vita vyake vimekwisha. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza." Sikumuuliza zaidi, naye hakuendelea.

Ijumaa. Barabara ya Lee kurudi nyuma

Petersburg ilipoanguka, 2 Aprili 1865, Lee alielekea magharibi. Tuliifuata barabara yake kijiji kwa kijiji. Mahali paitwapo Amelia alitegemea treni ya chakula, akakuta mabehewa yana risasi. Sailor's Creek, 6 Aprili, alipoteza watu wapatao 7,700 na majenerali wanane wakatekwa, mmoja wao mtoto wake mwenyewe.

Njiani chemsha bongo. Niliuliza mimi: nani alikuwepo Appomattox Lee aliposalimu amri, akawa kando ya kitanda Rais Lincoln alipokufa, akawa stesheni Rais Garfield alipopigwa risasi 1881, na akafika Buffalo McKinley alipopigwa 1901? Baba Mkubwa alifikiri kilomita nzima. Ni Robert, mtoto wa Lincoln. Na kabla ya yote hayo aliwahi kuteleza kwenye jukwaa la treni huko Jersey City, akavutwa kola na mtu maarufu: Edwin Booth, kaka wa yule atakayemwua baba yake.

Yeye naye akanirudishia. "Vita hivi viliingiaje kwa bibi yako Pangani?" Nikasema sijui. "Kwa merikani!" Kweli. Shuka ile nyeupe isiyotiwa rangi, iliyopimwa kwa doti na jora katika kila msafara uliotoka Bagamoyo, ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Na manowari ya Kusini, Alabama, iliyokuwa inawinda meli za biashara za Kaskazini, ilitia nanga Nzwani, Visiwa vya Komoro, Februari 1864 kuchukua chakula, ikaendelea na safari. Nilinyamaza muda mrefu baada ya hapo. Bibi yetu alizikwa kwa sanda ya merikani.

Jumamosi. Appomattox Court House

Kijiji kimetunzwa kama kilivyokuwa, nyumba chache, barabara ya udongo, uzio wa magogo. Nyumba ya matofali yenye kibaraza kipana ni ya Wilmer McLean, yule yule. Tarehe 9 Aprili 1865, msaidizi wa Lee alikuwa anatafuta mahali pa kukutania, na mtu wa kwanza aliyemkuta barabarani alikuwa McLean. Vita vilivyomfukuza jikoni vikamkuta sebuleni.

Baba Mkubwa alisubiri wiki nzima kunieleza hili, na alinieleza akiwa amesimama mlangoni pa sebule, mkono umeshika kizingiti.

Lee alikuja na sare mpya na upanga. Jenerali Grant wa Muungano alikuja na koti la askari wa kawaida na tope mpaka magotini. Alikuwa ameumwa kichwa usiku kucha, na kwa maneno yake mwenyewe kilipona mara alipoisoma barua ya Lee. Masharti hayakuwa makali: silaha zikabidhiwe, maafisa wabaki na bastola zao, wenye farasi waende nao nyumbani wakalime. Chakula cha watu 25,000 kikapelekwa kwa jeshi lenye njaa. Aliyeyaandika masharti kwa mwandiko safi ni Ely Parker, Mseneka, mwenyeji wa asili wa nchi hii. Inasimuliwa kwamba Lee alipomwona alisema amefurahi kukuta Mmarekani halisi mmoja, naye akamjibu kwamba hapa sote ni Wamarekani.

Wakuu walipotoka, maafisa wakaanza kubeba vitu vya sebuleni kama kumbukumbu. Jenerali Sheridan wa Muungano alitoa dola 20 za dhahabu kwa meza, akamzawadia mke wa Jenerali Custer, mwenzake. Kwenye kochi palikuwa na mwanasesere wa matambara wa Lula, binti wa McLean. Wakamrushiana, kisha kapteni mmoja akaondoka naye. Alirudishwa 1992. Tulimwona kwenye kabati la kioo: hana uso, nguo imechujuka rangi, mdogo kuliko nilivyodhani, anatosha kwenye kiganja.

Nyuma ya nyumba kuna jiko na vyumba vya watumwa. Zaidi ya nusu ya watu wa wilaya hii walikuwa watumwa, wapatao 4,600. Hapo ndipo mhifadhi wa hifadhi alipotuambia habari za Hannah Reynolds. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya familia ya Coleman. Wenyewe waliondoka vita viliposogea, yeye akabaki. Asubuhi ya 9 Aprili kombora lilipenya nyumba likamjeruhi vibaya mkononi. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba alikufa siku ile ile, mtumwa. Kisha daftari la vifo la wilaya likasomwa upya. Hannah Reynolds aliishi siku tatu zaidi. Alikufa tarehe 12 Aprili. Mwaka 2015, miaka 150 baadaye, ziliwashwa taa 4,600 hapa kijijini, moja kwa kila mtumwa aliyekuwa huru kuanzia siku ile.

Baba Mkubwa alikaa kwenye ngazi ya jiko, akafungua daftari. Chini ya Judith Henry na Jennie Wade palikuwa na nafasi.

"Rudia tarehe, mwanangu."

"Kumi na mbili Aprili."

Akasimamisha kalamu. Fort Sumter ilipigwa 12 Aprili 1861. Na 12 Aprili 1865, hapa barabarani mbele yetu, tangu asubuhi, askari wa Kusini walikuwa wakipita kikosi kwa kikosi kuweka bunduki zao chini. Aliandika mwaka wa kwanza, akaandika wa pili, kisha akaniuliza Reynolds linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.